Dungu la Mashoto

Dungu lile lilijengwa na mtu wa mashoto, na mtu wa mashoto akijenga hajali wengine watakaaje. Lilikuwa kibanda cha kulindia mazao, limesimama juu ya nguzo nne pembeni mwa shamba, pale mahindi yanapokutana na msitu, na kila kitu chake kilikuwa upande wa pili. Ngazi ilipandwa kwa kutanguliza mguu wa kushoto, dirisha la kulengea mshale lilikuwa kushoto, na ubao wa kukalia ulikatwa kiasi kwamba mtu wa kulia akikaa, goti lake linagonga nguzo. Kaka mtu alianza kuligonga goti hilo tangu akiwa mtoto. Kila alipogonga alilaani, na kila alipolaani baba yao, mjenzi mwenyewe, alicheka mpaka wanyama wakakimbia.

Watoto walikuwa wawili, na mashoto ya baba yalimwendea binti. Mama hakupenda. Alikuwa akimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa wakati wa kula na wakati wa kuandika, ili wa kulia uzoee kazi, na baba alikuwa akirudi kutoka karakana yake ya useremala na kukifungua kitambaa kile bila kusema neno. Vita vya kitambaa viliendelea muda mrefu, na baba akashinda. Binti akakua, akawa fundi cherehani mwenye kibanda chake pale sokoni, na jina alilopewa na wazazi likasahaulika kabisa. Watu wote walimwita Mashoto. Wateja walisimama mlangoni kumtazama akikata kitambaa kinyumenyume, naye akawa anawauliza kama wamekuja kushonesha au kuangalia mpira.

Baba alipofariki aliacha neno moja kuhusu shamba: haliuzwi mpaka wakubali wote watatu, mama, kaka na Mashoto. Kaka, ambaye alikuwa mkubwa wa madereva katika kiwanda cha pombe huko mjini, alikuwa tayari na mnunuzi wake, mtu wa kokoto aliyetaka kuipasua ardhi yote kwa ajili ya mawe yaliyo chini. Mama alinyamaza. Mashoto alikataa katakata. Ni shamba ambamo baba alimfundisha kutembea bila kuvunja kijiti, na ndimo alimojificha kulia siku ya msiba. Kila jioni alifunga kibanda akaenda kulipalilia na kumchotea mama maji. Alilipenda kuliko alivyompenda mtu yeyote aliye hai, na hakuona haya kulisema.

Shida ilikuwa nguruwe pori. Msimu uliopita walikula nusu ya mahindi, na kaka akasema, "Unaona? Unawalimia nguruwe." Ulimi hauna mfupa. Mashoto akajibu kwa hasira mbele ya mama: "Haya! Mahindi yakiliwa na mara hii, natia sahihi mwenyewe, wala hamtaniona nikilia." Mama aliendelea kuchambua maharage yake kana kwamba hajasikia.

Tangu siku ile kaka akawa mwema ajabu. Alisema atamsaidia mdogo wake, asije akasema ameonewa. Kila Jumamosi alikuja na gari la kazi na bunduki yake ya kibali, ati kukaa dunguni. "Wewe usipande," alimwonya. "Dume la nguruwe likikukuta chini litakutoa utumbo. Niachie mimi." Halafu zikaja habari: wamekuja kundi zima, bunduki ikakwama, wamekuja, upepo ukageuka, wamekuja, nimepiga, nimekosa. Mashoto alimpa pole, akampikia, akamshonea shati bila kumtajia bei. Kaka alipomwomba amshonee na magunia ya kubebea pumba za kuku, alimshonea bila kuuliza ni kuku gani.

"Shona mara mbili, mdogo wangu," kaka alisema, "yasivuje garini."

Pumba hazivuji. Hilo hata mtoto anajua. Lakini mtu akimshonea ndugu yake hasikilizi maneno, anasikiliza sauti, na sauti ya kaka ilikuwa tamu. Mashoto alichukua shazia, ile sindano nene ya magunia, akashona mara mbili na kuweka turubai ndani, na mdomo wa kila gunia akautilia uzi wa kufungia kwa fundo alilofundishwa na baba. Lilikuwa fundo la mashoto, gumu kwa asiyelijua, lakini ukivuta uzi ule mmoja gunia linafunguka lote kwa mpigo. Alimwonyesha kaka namna ya kulifunga na uzi wa kuvuta. Walicheka pamoja siku ile kwa sababu kaka alivuta usio wenyewe na kujikata kidole.

Alhamisi moja, mahindi yakiwa yamebeba vizuri, Mashoto alikuta mistari ya chini yote imelazwa na kutafunwa. Nyayo za nguruwe zilijaa kama soko lililovunjika. Alikaa chini kwenye tope akayashika mabua, akahisi roho inamtoka. Kisha alisimama, akaenda kuchukua upinde wa baba na debe la kufukuzia wanyama pamoja na fimbo yake, akaelekea dunguni mchana ule ule. Hakumwambia mtu. Kaka anahangaika peke yake kwa ajili yangu, aliwaza, na mimi nimekaa na cherehani kama bibi harusi.

Alipanda kwa mguu wa kushoto, akainua kichwa kwenye mlango, na kumbe ndani mlikuwa na mwenyewe. Kanu, yule mnyama mdogo wa porini mwenye madoa na mkia wa mapete, alikuwa amelala juu ya ubao wa kukalia na watoto wake wamejipanga tumboni. Walitazamana. Kanu akamfokea kwa pumzi kali kama mwenye nyumba aliyeingiliwa na mpangaji asiyelipa, kisha akawabeba watoto kwa shingo, mmoja mmoja, akawapandisha kwenye nyasi za paa. Kila aliporudi kuchukua mwingine alifoka tena, kusudi mgeni asijisahau.

Mashoto alitabasamu. Kisha tabasamu likapungua. Ubao ulikuwa na manyoya, mifupa ya panya na mavi makavu, na dirisha la kushoto lilikuwa limezibwa na utando wa buibui kutoka nguzo hadi nguzo. Kanu hazai mahali pa kukaliwa na watu. Labda kaka hukaa chini ya mti, alijiambia. Labda anaogopa goti lake. Moyo unaopenda hautaki ushahidi, nao ulimtafutia sababu nyingine na nyingine mpaka akatulia. Aliupangusa utando, akakaa, na goti lake halikugonga kitu.

Msitu ulimzoea. Nguchiro walipita chini wamefuatana kama watoto wa shule, wa mwisho akisimama kila mara kuangalia nyuma. Jua likaanza kulegea. Ndipo nyani dume akatoka kwenye mahindi, na Mashoto akaudaka upinde, lakini nyani hakuwa akitembea kama nyani. Alikwenda hatua mbili mbele na moja pembeni. Alishika bua la muhindi ili limsaidie kusimama, bua likavunjika, wakaanguka wote. Alikaa pale chini akashika kichwa kwa mikono miwili, akatazama mbele kwa huzuni kubwa, sawa kabisa na vibarua wa sokoni asubuhi ya baada ya mshahara.

"Mungu wangu," Mashoto alinong'ona. "Amelewa!"

Alicheka kwa kujiziba mdomo. Wahenga walisema nyani haoni kundule, lakini huyu hata miguu yake alikuwa haioni. Upepo ukaleta harufu chachu, nzito, aliyoijua lakini hakukumbuka anaijulia wapi. Nyuma ya nyani wakaja nguruwe: majike na watoto, na dume moja kubwa lenye meno yaliyopinda. Nao walikuwa wanayumba. Dume lilikuja moja kwa moja mpaka chini ya dungu, likajikuna kwenye ngazi hadi nguzo zikatetemeka, kisha likalala pale pale na kuanza kukoroma.

Lilikuwa chini yake kabisa. Angeweza kulipiga akiwa amefumba macho. Aliuvuta upinde kwa mkono wa kushoto, akaushikilia, akauachia taratibu bila kufyatua. Baba alimfundisha mengi dunguni lakini hakumfundisha kumuua mlevi aliyelala. Basi akabaki juu, dume limefunga njia ya chini, kanu akimfokea kutoka paani, na nyani akilia peke yake kwenye mahindi.

Ndipo akasikia gari. Alilijua kwa mlio wake, maana bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Kaka! Kaka amekuja na bunduki, na leo si hata Jumamosi. Alijiinua nusu ili ampungie mkono, amwonye kwamba dume liko chini ya ngazi.

Kaka alishuka bila bunduki. Alikuwa na gunia begani, gunia zito lililovimba kwa majimaji, na alitembea kando ya mahindi kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Alifika kwenye mstari wa kwanza ambao haujaliwa. Aliliweka gunia chini, akashika uzi, akauvuta. Gunia likafunguka lote kwa mpigo mmoja. Machicha ya pombe yakamwagika, ya kahawia, yanatoa povu, na ile harufu ikapanda hadi dunguni. Ilikuwa harufu ya nguo za kaka kila anaporudi kutoka kiwandani. Alianza kuyatandaza kwa mguu, kidogo hapa, kidogo pale, kuelekea katikati ya shamba, kama mtu anayewatupia kuku. Kisha akapiga mluzi, na majike ya nguruwe yakainua masikio.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mashoto alikuwa amewahi kuwaambia wateja maneno hayo kwa utani, maana nguo ndiyo kazi yake. Sasa alikaa na mkono aliotaka kuupunga ukiwa bado hewani. Kilichomuuma zaidi hakikuwa mahindi. Ni uzi ule. Kaka aliuvuta sawasawa, bila kukosea, kwa namna aliyoonyeshwa na yeye mwenyewe siku walipocheka.

Kule chini dume lilikatisha koroma. Lilinusa, likasimama, likamwona kaka amesimama kati yake na karamu. Kaka naye akaliona. Walivyotazamana, Mashoto alikuwa na nafasi ya kutosha kukaa kimya, na nataka ijulikane kwamba alikuwa na haki hiyo. Lakini mkono wa kushoto ulikwishachukua fimbo na kulitandika debe kabla moyo haujatoa ruhusa. Dume lilishtuka, likageuka kombo, likakosea njia na kuvamia mahindi. Kaka alikuja mbio kuliko alivyowahi kukimbia tangu utotoni, akaiparamia ngazi kwa mguu wa kulia, akateleza, akaiparamia tena, akajitupa ndani. Goti likagonga nguzo.

"Umenitisha, wewe!" Ndilo neno lake la kwanza.

"Nimekutisha?"

"Nilikuambia usipande huku. Nilikuambia au sikukuambia?" Alikuwa anahema na kushika goti. Kanu akamfokea kutoka paani karibu na sikio, naye akaruka. "Mama yangu! Mnyama gani huyu?"

"Ni mwenyeji wako," Mashoto alisema. "Mnakaa wote kila Jumamosi, bado hamjajuana?"

Kaka alitazama ubao, manyoya, mifupa. Ilimchukua muda kuelewa kwamba hakuna uongo utakaomtosha. Alijaribu hata hivyo, maana mfa maji haachi kutapatapa.

"Nilikuwa nawawekea sumu."

"Sumu ya aina gani hiyo, wanaila na kunenepa?"

Kaka alijipangusa machicha kwenye kiatu.

"Nilikupikia," Mashoto alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na aliichukia kwa kuwa ndogo. "Nilikuwa nakuonea huruma. Nilikuwa nawaambia watu sokoni, kaka yangu anakesha kwa ajili yangu. Na magunia nikakushonea mwenyewe, kaka. Mwenyewe! Hukuona aibu hata ya gunia? Ungenunua mengine basi."

"Usinilaumu mimi peke yangu."

"Nimlaumu nani, nguruwe?"

Kaka alilisugua goti lake, na hakumtazama usoni. "Kamuulize mama."

"Usimwingize mama kwenye uchafu wako."

"Nimesema kamuulize."

Chini, nguruwe walikuwa wamekusanyika kwenye machicha na dume likiwa katikati yao, limesahau ugomvi. Mashoto alichukua debe lake akaanza kushuka, mguu wa kushoto mbele. Kaka akamshika bega. "Subiri waondoke kwanza! Wewe una wazimu?" Hakusubiri. Aliokota gunia tupu, akapita kando ya nguruwe kwa hatua zile alizofundishwa, bila kuvunja kijiti, na hakuna aliyeinua kichwa. Nyuma yake alisikia goti likigonga nguzo kwa mara nyingine, na kaka akilaani.

Njia nzima alipanga maneno. Mama ataumia, aliwaza, kwa hiyo amwambie polepole. Aanze na kanu, mama atacheka kidogo, kisha afike kwenye machicha. Na mama akilia atambembeleza, kisha wataamua wawili nini cha kufanya na kaka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijiona ana mtu upande wake.

Mama alikuwa jikoni anawasha taa. Mashoto aliliweka gunia mezani. Lilikuwa limelowa, likanukisha chumba kizima, na uzi wake ulining'inia ukingoni. Mama alilitazama gunia, akamtazama binti.

"Kaka yako yuko wapi?" aliuliza. "Hajaumia?"

Mashoto alisubiri. Alisubiri mama aulize gunia hilo ni la nini, linanuka nini, limetoka wapi. Mtu yeyote angeuliza. Mama alirekebisha utambi wa taa ambao haukuhitaji kurekebishwa.

"Yuko dunguni," Mashoto alisema hatimaye. "Hajaumia. Mama, ulijua."

Mama alivuta kigoda akakaa. "Nimechoka, mwanangu. Wewe unakuja jioni, unapalilia, unaondoka, unasema shamba zuri. Usiku nyumba hii ni mimi na panya. Kaka yako ana chumba kimekaa tayari kule mjini, kina umeme, kina majirani."

"Ungeniambia."

"Ungelia. Wewe ukilia mimi nashindwa, nilishindwa tangu ukiwa mdogo. Nikasema, ni afadhali nguruwe wamwambie."

"Na magunia?"

Mama aliukunja upindo wa nguo yake, akaukunjua. "Kaka yako alitaka kununua ya dukani. Mimi ndiye niliyemwambia, mpe Mashoto ashone. Akishona yeye halichaniki." Kisha akamalizia kwa sauti ya chini, kwa sababu alikuwa mtu mkweli hata katika uovu wake. "Na yeye haulizi."

Mashoto alihisi kama amevuliwa nguo mbele za watu. Kaka alikuwa adui wa goti, adui wa kuzaliwa naye, yake angeyazoea. Lakini mama, yeye Mashoto alikuwa akimchotea maji kila jioni, naye kila jioni alikuwa akiyanywa na kumuuliza mahindi yanaendeleaje.

"Karatasi iko wapi?"

"Si lazima leo, mwanangu."

"Nilisema mahindi yakiliwa natia sahihi. Yameliwa. Sikutaja yaliwe na nani."

"Mwanangu—"

"Ilete, mama."

Mama akaenda chumbani. Hakukawia, maana haikuwa mbali. Ilikuwa chini ya godoro lake, na ilikuwa na sahihi mbili tayari. Aliiweka mezani kando ya gunia, pamoja na kalamu. Mashoto aliiokota kalamu kwa mkono wa kushoto, akaitazama, kisha akaihamishia wa kulia. Akachomoa kitambaa cha kichwa chake, akakiweka mapajani mwa mama, na kuunyoosha mkono wa kushoto mbele yake.

"Nifunge," alisema.

"Usinifanyie hivyo."

"Nifunge, mama. Wewe unajua inavyofungwa."

Mama alifunga huku machozi yakimdondoka kwenye kitambaa. Mashoto hakulia, alikwishaahidi. Aliandika jina lake lote kwa mkono wa kulia, lile ambalo hakuna aliyelitumia tena, na herufi zikayumba kama yule nyani. Kisha akaweka kalamu chini, na mkono uliofungwa akauacha pale mezani, ukisubiri, kama ulivyokuwa ukisubiri zamani mlango wa karakana ufungwe na baba arudi nyumbani. Mama alijaribu kulifungua fundo. Lakini alikuwa amelikaza mno.